Simu Iliyotaka Jina la Baba Mkwe

Simu ya Hyasinta ilikanyagwa na ndama siku ya Jumatatu, na tangu hapo kioo chake kikawa cheusi kama sufuria ya makande. Haikufa. Iliita, iliongea, ila ungeisugua kwa kidole mpaka kesho isingejua kama umeigusa. Bahati ni kwamba Enos, mumewe, askari wa wanyamapori ambaye nyumbani Bunda huonekana mara moja kwa mwezi, alishamwekea humo msaidizi wa sauti. Unabonyeza kitufe cha pembeni, unamwagiza kwa mdomo, basi.

Hyasinta alimfanya mtu wa nyumbani. Alimwagiza amkumbushe kuepua maandazi, akamkumbusha. Alimuuliza habari za mvua, akaambiwa leo ni jua tupu, na wakati anaambiwa hayo pamba ya jirani ilikuwa inaloa uani. Alimuuliza dawa ya kiungulia cha mimba, akasomewa maelezo marefu ambayo mwisho wake ni aende akamwone daktari. Jenipher, mke wa kaka yake Enos, ambaye nyumba yake ilitazamana na ya Hyasinta katika uwanja mmoja, alisema huyo dada wa kwenye simu ana maneno mengi kuliko msaada. Hyasinta alimtetea. Angalau hachoki kuulizwa, alisema, tofauti na watu fulani.

Alhamisi ndiyo siku utetezi huo ulipoingia matatani.

Baba mkwe wake alikuwa amelala kwao akitokea kijijini, na saa moja asubuhi alipanda basi la Musoma kwenda kutibiwa macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Madaktari bingwa walikuja kwa wiki moja tu, na hiyo ilikuwa siku ya mwisho. Mara yao ya mwisho kufika mkoani ilikuwa miaka miwili nyuma. Alikataa kusindikizwa. Macho ni mabovu, alisema, miguu ni mizima. Jambo moja alilisema akiwa mlangoni, na Hyasinta akalibeba moyoni: huyo mjukuu anayekuja anataka kumwona, siyo kumpapasa.

Mjukuu mwenyewe alikuwa tumboni mwa Hyasinta, mwezi wa tisa, akipiga mateke.

Basi lilikuwa limeshaondoka kama dakika arobaini hivi Hyasinta alipoingia kutoa mashuka. Chini ya mto akakuta bahasha ya kaki. Ndani yake ilikuwemo barua ya rufaa na vipimo vyote vya mzee. Akakaa kitandani nayo. Walishaambiwa wazi kwamba bila barua ile mtu haingii hata kwenye foleni.

Yeye mwenyewe asingeweza kuipeleka. Nesi wa kliniki alimkataza gari kabisa. Lakini kupeleka bahasha siyo kazi, maana watu wa Bunda huwapa makonda hata kuku wazima na wanafika salama. Basi linalofuata lingeibeba. Kilichotakiwa ni mzee aambiwe atulie stendi ya Musoma, aisubiri. Asipoambiwa, ataenda moja kwa moja hospitali, atarudishwa, na macho yatabaki kama yalivyo.

Hyasinta akabonyeza kitufe. "Piga simu kwa," akaanza, halafu akanyamaza.

Enos alikuwa amemwandika baba yake humo kwa jina lake. Sisi ambao hatukuolewa katika ukoo ule tunaweza kumtaja bila shida: Mzee Magesa. Hyasinta hakuweza. Mwanamke aliyeolewa pale halitamki jina la baba mkwe, awepo asiwepo, tangu siku anayoingia mpaka siku anayozikwa. Hata kanisani kwao kulikuwa na Magesa mwingine, mpiga kinanda, kijana wa watu asiye na kosa lolote, na kwa miaka mitatu Hyasinta alimwita yule wa kinanda.

Akajaribu kuzunguka. "Mpigie baba."

"Nimepata Baba Rhobi wa Mashine," simu ikajibu. "Nimpigie?"

"Hapana. Mpigie baba mkwe."

"Baba mkwe ni baba wa mume au wa mke wako," simu ikamfundisha.

"Mpigie yule mzee aliyelala hapa jana."

"Samahani, sina taarifa za mtu aliyelala kwako jana."

Hyasinta alitaka kuirusha ukutani. Jenipher akaingia na ungo mkononi, akasimuliwa, akaona jambo ni dogo. "Sema tu, mdogo wangu. Humu ndani nani atakusikia?"

"Basi sema wewe, dada."

Jenipher akafungua mdomo, akaufunga. "Kwani mimi nimeolewaga wapi?" akauliza kwa unyonge, akaketi naye kitandani.

Ilikuwa siku ya mnada, kwa hiyo wanaume wote wa pale nyumbani na majirani walikuwa wamefuatana na ng'ombe. Watoto walikuwa shule. Enos alikuwa porini ambako mtandao huja unapojisikia. Jenipher alikuwa na kitochi chake cha vibonye, lakini humo kulikuwa na namba ya zamani ya mzee. Laini mpya Enos alimnunulia mwezi uliopita, pamoja na simu kubwa, naye akaihifadhi kwenye simu ya mkewe peke yake.

Hyasinta akabonyeza tena. Safari hii alikusudia kweli. Aliliwaza jina lote, akalileta mpaka kwenye ulimi, na pale likakaa. Machozi yakamtoka. Aliona aibu kulitaja, na aliona aibu kubwa zaidi kwamba mzee wa watu atakosa macho kwa sababu ya mdomo wake. Alimpenda yule mzee. Ndiye aliyemletea maziwa ya mgando kila wiki tangu mimba ilipoanza kumsumbua, akiyabeba mwenyewe kwa kubahatisha njia.

"Mwanaume yeyote tu," Jenipher alikuwa akisema, "hata mpita njia."

Hyasinta akafuta machozi kwa kanga. "Nipe kitochi chako."

Namba ya baba yake mzazi aliijua kwa kichwa. Mzee Isaya alikuwa kwake Butiama, akipalilia mihogo, akapokea mara moja. "Umejifungua?"

"Bado, baba. Shikamoo. Nataka uniitie mtu. Yule mkweo, baba yake Enos."

"Si nimpigie mwenyewe?"

"Namba yake mpya unayo?"

"Sina. Nilikuwaga na ile ya zamani."

"Basi sikiliza. Nikikwambia sasa, useme mpigie, halafu jina lake, uanze na Mzee. Sema kwa nguvu, baba, kuna mtu hapa anataka kulisikia."

Isaya hakuuliza sana. Binti yake alikuwa mjamzito, na wajawazito yeye huwa habishani nao. Jenipher akafungua spika ya kitochi, akakibana mdomo kwa mdomo na ile simu nyeusi. Hyasinta akabonyeza kitufe. "Sasa, baba."

"MPIGIE MZEE MAGESA!"

Kuku walikimbia uani. Isaya alichunga ng'ombe ujana wake wote, na sauti ile ilikuwa ya kuwarudisha kutoka ng'ambo ya bonde.

"Sawa," simu ikasema kwa upole. "Nampigia Mzee Magesa."

Wanawake wawili wakatazama sakafu kama waliotukanwa. Kisha simu ikaita, ikapokelewa, na mngurumo wa basi ukajaa chumbani.

"Shikamoo baba. Bahasha imebaki huku."

"Marahaba mama. Najua. Nimejipapasa hapa Kiabakari, sina kitu."

"Sasa mbona hukupiga, baba?"

Mzee akakohoa. "Nimepigaga sana. Nimemwambia huyu wa simu yangu, mpigie mke wa mwanangu. Ananiuliza, anaitwa nani? Nikamwambia, wewe, jina la mkwe wangu mimi siliitagi, linaandikwa tu. Hakuelewa. Nikampa konda anitafutie, na konda naye ananiuliza, anaitwa nani? Nikaona bora nishuke nirudi. Hapa nimeshasimama mlangoni."

Hyasinta alicheka mpaka akashika tumbo, na Jenipher akadhani uchungu umeanza. "Baba, usishuke. Rudi ukae. Ukifika stendi ya Musoma subiri hapohapo, bahasha inakuja na basi la nyuma yako."

Jenipher alikuwa ameshachomoka na bahasha, kanga inampepea, mbio kuelekea barabarani.

Mzee alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mchana uleule, akiwa wa mwisho kwenye orodha. Jumapili alirudi Bunda, bandeji imeshatolewa, amevaa miwani myeusi iliyomkaa vibaya. Hyasinta alimpokea kama alivyompokea siku zote. Alipiga goti kwa shida na tumbo lake, akainamisha kichwa, macho yake chini kwenye viatu vya mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hivi siku ile ulinitaja?"

"Hapana, baba. Aliyekutaja ni baba yangu."

"Isaya," mzee akasema, akacheka taratibu. "Ana sauti yule. Angetoka nje tu akaita, ningemsikia bila simu."

Akavua miwani. Akaomba Hyasinta ainue uso, akasema mwanga umemkaa vizuri pale alipo, na leo hakuna wa kumlaumu kwa kumtazama mkwewe usoni. Hyasinta aliinua uso polepole, kwa aibu. Mzee akamtazama kwa jicho lile moja jipya, bila haraka.

"Miaka mitatu," alisema, "nilikuwaga nakujua kama yule wa kwenye simu. Kwa kusikia tu."

Akaendelea kumtazama.

"Kumbe unafanana na sauti yako."