Kingamwili Iliyobweka Ovyo

"Mama, karatasi hii umeichafua mwenyewe. Sampuli imemwagikia upande wa pili, basi."

"Miaka ishirini na mbili nashika pipeti, leo ndiyo nimwage?"

Walikuwa wamebishana tangu saa mbili asubuhi, na chai yao ilishapoa kwenye benchi la nje. Mama alikuwa fundi wa maabara, mwenye stashahada moja tu na hana haja ya nyingine. Bintiye alikuwa akitafuta shahada ya uzamivu katika chumba hichohicho. Kilichowagombanisha ni mstari mmoja mweusi kwenye karatasi ya majaribio.

Binti alichunguza histoni, zile protini ambazo DNA hujizungushia kama uzi kwenye kibiringo. Yake ilikuwa pacha wa histoni ya kawaida. Walitofautiana vipande vitano tu, kwa hiyo alihitaji kingamwili ya kumshika pacha huyo na kumwacha mwenzake. Kichupa kipya cha kingamwili hiyo kilipofika, kilitoa mstari safi kwenye karatasi, alama kwamba imeshika, naye akajenga juu yake kazi ya miezi mitano. Ripoti ilitakiwa kwa mkuu wa maabara saa sita mchana.

Sasa, mama alikuwa na sheria yake: kichupa kipya hakikai kwenye rafu mpaka kijaribiwe kwa seli zisizo na kinachotafutwa. Hiki kilipita akiwa likizoni. Jana akakijaribu. Seli hazikuwa na pacha yule hata chembe, na mstari ukatoka vilevile.

"Mbwa anayebweka mwizi awepo asiwepo," mama alisema, "huyo si mlinzi, ni kelele."

"Mkuu anasubiri. Hakuna atakayeuliza."

"Najua. Ndiyo maana nimekuuliza mimi."

"Ungekuwa si mama yangu ungenyamaza."

"Ningekuwa si mama yako, mkuu angejua kabla yako."

Binti alicheka puani, halafu akaiinua karatasi kwenye mwanga. "Na huu mstari wa mwisho?"

"Histoni ya kawaida, safi, kutoka kichupa chako cha histoni. Nayo niliimwaga?"

Binti alisoma lebo moja baada ya nyingine, kidole kikifuata. Mama akamwacha. Akiwa darasa la tano, mtoto huyu aliwahi kufuta jibu ambalo mwalimu alishaliwekea vema, kwa kuwa hakujua alilipataje. Walimcheka shule nzima. Mama yake bado analo daftari lile.

Binti akavua glavu, akapiga simu.

"Mkuu, ripoti haiji leo. Kingamwili inashika mapacha wote wawili. Hapana, si fundi. Kosa ni langu, sikuijaribu."

Akakata. Akachukua kalamu, akaandika HAIFAI kwenye kichupa, akakitoa rafuni.

Mama aligeukia kabati kutafuta glavu ambazo muda wote zilikuwa mezani. Alipogeuka tena, uso wake ulikuwa wa kazi.

"Vaa hizi," alisema. "Leta kichupa kingine cha kingamwili. Na zile seli zisizo na pacha zitangulie."

Binti alikuwa ameshazitoa.