Barua Nne Tupu

Katika miaka miwili Bi Amne alipata barua nne kutoka kwa mwanawe, zote tupu, na zote alizijibu kwa kimya. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Kule Bwejuu anakolima mwani, wanawake wenziwe wa kikundi cha Tusichoke walimchagua kuwa mwenyekiti kwa sababu hiyo hiyo: akishasema hapana, imekwisha, mtu asijisumbue kurudi kesho.

Ugomvi wenyewe ulianza mdogo. Salhiya, binti yake wa pekee na katibu wa kikundi, aliolewa na Haitham, na Haitham akapata kazi Maskati. Bi Amne alitaka binti abaki mpaka mume atulie huko. Salhiya alitaka kwenda na mumewe. Neno likazaa neno, hata mama akasema, "Basi nenda, na ukishakwenda usinitafute." Siku ya safari Bi Amne alishuka pwani kufunga mwani kama siku nyengine yoyote. Aliporudi jioni alilala bila kula. Hasira hasara, lakini nani alithubutu kumwambia?

Mwezi wa pili baada ya safari, simu yake ilimponyoka shambani baharini ikazama na namba zake zote. Namba ya laini mpya aliwapa wateja wa sabuni za mwani za kikundi tu. Tena akapiga marufuku mtu yeyote asimletee habari za Salhiya, na kwa kuwa kijiji kizima kilimjua, hakuna aliyemletea. Salhiya naye hakutuma mtu. Radhi ya mama haiombwi kwa mdomo wa jirani, na mwana hutazama kisogo cha nina: kiburi kilikuwa kile kile, kimehama nyumba tu.

Njia moja ndiyo iliyosalia, anwani ya barua pepe ya kikundi. Salhiya mwenyewe ndiye aliyeifungua alipokuwa katibu, akamfundisha mamake kuitumia kwenye kompyuta ya kikundi, bandani kwao pa kazi. Na hapo ndipo barua zilipokuja, moja baada ya nyengine, miezi mingi ikipita katikati. Juu jina la Salhiya. Chini kisanduku cheupe chenye mstari mwembamba pembeni, na ndani yake alama ndogo kama karatasi iliyochanika. Hapana salamu, hapana "mama", hapana hata nukta.

"Ananambia hana la kunambia," Bi Amne alijisemea, akafunga kompyuta kwa kishindo.

Lakini tuseme kweli. Wenziwe wakishaondoka bandani, alikuwa akiifungua tena. Akikaa mbele ya kile kisanduku, akiisogeza barua juu na chini, pengine neno limedondoka huko mwisho. Alitamani kumwona mwanawe hata asubuhi akawa anatia vikombe viwili vya chai, kisha anakitazama cha pili mpaka kipoe. Asingekubali mtu yeyote amwone akifanya hivyo.

Mambo yangebaki vivyo hivyo kama si hoteli moja ya pwani kutaka sabuni za mwani zenye nembo yake. Walituma picha ya nembo. Kikaja kisanduku. Wakatuma tena, kikaja kisanduku. Mara ya tatu wenye hoteli wakauliza kwa adabu kama kikundi bado kinafanya kazi. Bi Amne akaiviringisha kompyuta ndani ya kanga, akenda nayo mjini, Mlandege, kwa Mbarouk, fundi mwenye kiduka chembamba baina ya muuza mapazia na muuza makava ya simu.

"Shikamoo, Bi Amne."

"Marahaba, mwanangu. Itazame hii. Imeingia chumvi ya bahari, picha haionyeshi."

Mbarouk alicheka. "Chumvi ingekula vitufe, Bi Amne. Isingechagua picha." Aliiwasha, akaifungua barua ya hoteli, akagusa kwa kidole mstari wa maandishi hafifu juu ya kisanduku. "Hapa pameandikwa kuwa picha zimezuiwa. Ukizitaka, ubonyeze."

"Kizungu hicho mie nnakijuwa wapi?"

"Si kosa lako. Sikiliza. Kuna barua hubeba picha tumboni mwake. Nyengine hubeba anwani tu: picha iko pahala fulani, nenda kaichukue. Sasa kompyuta yako imekatazwa kwenda."

"Kaikataza nani?"

"Aliyeifungua hii anwani. Wengi hufanya hivyo, bando lisimalizwe na matangazo."

Bi Amne alikumbuka. Aliisikia sauti ya Salhiya bandani, ilivyokuwa na furaha siku ile: "Mama, nshazifunga picha, bando letu lisiliwe na matangazo ya watu." Naye alimsifu. Alimwambia ana akili kama marehemu babake.

Mbarouk alibonyeza. Nembo ya hoteli ikatokea, kasa wa buluu juu ya mawimbi mawili. Fundi aliridhika, akaenda kwenye mipangilio akaliondoa lile katazo, kisha akaanza kuifunika kompyuta. Bi Amne hakuinuka.

"Na barua za zamani," aliuliza taratibu, "nazo zitafunguka?"

"Zote. Maadamu picha zingali pale zilipowekwa."

Aliivuta kompyuta upande wake. Jina la Salhiya alilitafuta mwenyewe, maana mahali pake alipajua kuliko alivyojua njia ya kwenda kisimani.

Ya kwanza ilifunguka. Mwanamke amesimama amegeuka, uso hauonekani, lakini ni mama gani asiyeyajua mabega ya mwanawe? Amejifunga kanga nyekundu, na maandishi yake yamekaa nyuma kiunoni, yamenyooka, yanasomeka: MAMA NIPE RADHI NILIPO SI KWETU.

Mbarouk naye aliyaona. Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa. Lile ambalo mdomo hauwezi kumwambia mkubwa wako hulivaa, ukapita mbele yake, ukamwachia asome. Aligeukia ukutani akajitia kutafuta bisibisi, ingawa bisibisi ilikuwa mkononi mwake.

Ya pili ilikuwa kanga ya manjano: KOSA LANGU NALIJUA ADHABU ISIZIDI.

Ya tatu ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Hapa Salhiya amesimama ubavu, na kanga ameifunga juu, chini ya kifua. Kwa nini ameifunga hivyo, Bi Amne alijua kabla ya kuliona tumbo. Maandishi ameyazungushia mbele, juu ya tumbo lenyewe: NIPOKEE MAMA NA MZIGO WANGU.

"Yallah," alisema Bi Amne, akaziba mdomo kwa ncha ya buibui.

Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Mama ndiye humkanda mzazi kwa maji ya moto, ndiye humpikia uji wa pilipili manga, ndiye hukaa naye arobaini nzima. Mwanawe alikuwa ameomba lile ambalo wanawake wengine hawaombi hata kidogo, wanafunga mizigo tu wakaja. Ameliomba kwa heshima, kwa namna aliyolelewa, na kwa miezi mitatu akajibiwa kimya. Bi Amne alilia. Alilia wazi, dukani, mchana, mbele ya mwanamme asiye wake, na hakuona haya.

Baadaye alijifuta akabonyeza ya nne. Ilikuja siku nne tu nyuma. Kisanduku kilibaki kisanduku, na ile karatasi iliyochanika pembeni.

"Mbarouk, hii haitaki."

Fundi alijaribu. Akajaribu tena kwa njia nyengine, akatikisa kichwa. "Hii haimo, Bi Amne. Aliyeiweka kaiondoa."

"Kwa nini aiondoe?"

"Hilo kompyuta haisemi."

Lakini yeye alijua, au alidhani anajua. Mtu hubisha hodi mara tatu, kisha huenda zake. Kanga ya nne bila shaka ilikuwa na neno la kukata, na Salhiya aliona uzito kumtupia mamake neno hilo, akalirudisha. Bi Amne aliona afadhali angelisoma, hata lingekuwa kali vipi.

Aliinuka, akasema anakuja, akatoka kwenda sokoni Darajani. Jawabu ya kanga ni kanga. Alipita maduka matatu, akafunuliwa majora mpaka muuzaji mmoja akamuuliza kama anatafuta nguo au anatafuta hadithi. Mwishowe akapata moja ya buluu iliyoandikwa MOYO WA MAMA HAUFUNGI MLANGO. Alirudi Mlandege akitweta. Mbarouk alikuwa ameshaitayarisha simu yake kupiga picha.

Bi Amne aliifunua kanga nusu. Halafu akasita.

"Nikimpelekea picha, na kwake ikafika tupu?"

"Nitaitia ndani ya barua yenyewe. Itafika."

"Na isipofika?"

Mbarouk aliishusha simu.

"La," alisema Bi Amne. "Nguo zimesema miaka miwili. Lete hapa kompyuta, ninene mwenyewe."

Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Mbarouk alimletea kahawa, ikapoa. Yeye ambaye maishani mwake hakuwahi kumwambia mtu neno laini bila ya kulifunika, aliandika hivi: "Salhiya mwanangu. Nilidhani barua zako tupu. Picha zilizuiwa, nimeziona leo. Radhi unayo, unayo tangu siku ile uliposafiri nami nikashuka pwani. Nakupenda. Nimekukumbuka mpaka nimechoka. Mwezi huu ndio mwezi wako, njoo uzae kwangu. Mamako, Amne."

Alibonyeza. Akakaa na kanga yake mapajani. Mbarouk akamwambia barua pepe hujibiwa hata kesho, aende nyumbani, lakini alikuwa kama anaiambia meza. Wateja wakaingia na kutoka. Alasiri iliadhiniwa, Bi Amne akasali nyuma ya pazia la jirani, akarudi kwenye kiti chake.

Jawabu ilikuwa imeshafika. Safari hii palikuwa na maneno, na Bi Amne aliyasoma kwa sauti ndogo, kila neno peke yake:

"Mama yangu. Mimi ndiye niliyezifunga zile picha, nikasahau. Nisamehe na hilo. Ya nne haikuwa kanga. Niliingoja jawabu siku mbili, nikaiondoa kwa uchungu. Ilikuwa Amne. Ana siku kumi na moja leo."

Alilirudia jina lake mwenyewe mara mbili, kama hakuwahi kulisikia. Mwanawe amezaa ugenini, amejikanda mwenyewe au amekandwa na mkono wa mtu baki, naye mama alikuwa Bwejuu akifunga kompyuta kwa kishindo. Siku kumi na moja hizo hazirudi. Akahesabu kwa vidole: arobaini imebakisha siku ishirini na tisa.

"Mbarouk, Maskati ndege zinaondoka siku gani?"

"Nitakuulizia sasa hivi, Bi Amne. Lakini tazama, kuna kitu chini."

Chini ya maneno palikuwa na kisanduku. Mtandao ulikuwa mzito wakati huo, na picha ilikuwa ikishuka kidogo kidogo kutoka juu: kwanza kofia ya sufi, kisha paji la uso. Bi Amne aliikunjua ile kanga mpya, akaitandaza mapajani, akangoja macho ya mjukuu yatokee.