Gari la Mama, Namba E

Mwanangu Khalfani alipotaka kununua gari, alitangaza mtaa mzima kwamba anamnunulia mama yake. Muuza kahawa alijua, fundi cherehani alijua, hata msikitini nasikia aliombewa dua. Mimi, huyo mama mwenyewe, nilipata habari kwa jirani, nikiwa nimekaa barazani na mguu wangu wa kulia nimeunyoosha juu ya kigoda.

Mguu huo ndio ulioanzisha yote. Niliteleza bafuni mwezi wa Rajabu, goti likavunjika, nikatiwa vyuma. Kidonda kilipopona nikaambiwa niende kliniki ya mazoezi kule Upanga kila Jumanne na Ijumaa, miezi mitatu. Binti wa mazoezi, Angelina, hakunificha. Alisema, "Bibi, goti hili tusipolikunja sasa litakaza hivihivi. Likishakaza, hata mimi sitakuwa na la kufanya." Nami nilikuwa na hamu moja tu. Tangu nianguke nasali juu ya kiti, na nilitaka kusujudu tena, paji la uso chini kwenye mkeka, kama nilivyofanya maisha yangu yote.

Bajaji haikufaa. Mguu usiokunjika hauenei humo, unabaki nje, na siku moja pikipiki iliuparuza nikapiga kelele hadi dereva akatubu. Teksi mara mbili kwa wiki zilikuwa zinammaliza mkwe wangu Amira, anayeuza vyombo vya plastiki Mtaa wa Sikukuu. Ndipo likaja wazo la gari: dogo, lililotumika, lisilokula mafuta, la kunibeba mimi na wajukuu watatu. Tukachanga. Bangili zangu zilitoa milioni sita, Amira akatoa nne za mchezo wake wa upatu, Khalfani akatoa mbili. Na kwa kuwa ndiye aliyetoa kidogo kuliko wote, yeye ndiye akawa mchaguzi.

Alikuwa na sababu zake. Khalfani ni karani wa wakala mmoja wa forodha, anashinda bandarini akiyaona magari yanashuka melini. Kwa hiyo ni mtaalamu wa magari. Kwa kipimo hicho na mimi ni daktari wa mifupa, maana nililala wodini wiki tatu.

Gari la kwanza tulilikuta Upanga kwa nesi mstaafu aitwaye Violeth, mwenyeji wa Songea. Sienta nyeupe, injini ndogo, viti saba, mlango wa pembeni wa kusukuma, sakafu iko chini kabisa. Amira alisukuma mlango, nikakaa, nikajizungusha taratibu, na mguu ukaingia mzima bila kushikwa na mtu. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Violeth alitoa faili lenye risiti za kila oili aliyobadilisha, akataja milioni kumi, akasema akijaza mafuta husahau kama vituo vya mafuta vipo. Amira alikuwa amemleta fundi Rogath wa mtaa wa Gerezani atuangalizie. Rogath aliinama, akasikiliza, akaliendesha hadi kona na kurudi.

"Bi mkubwa, hili chukueni leo," akasema. "Msilale."

Khalfani alikuwa amezunguka nyuma ya gari. Akaniita kwa sauti ya mtu aliyekuta msiba.

"Mama, ni namba C."

Asiyeishi Dar anisikilize hapa. Namba za magari yetu zinaenda kwa herufi kadiri magari yanavyosajiliwa: zilipita A, zikapita B na C, zikaja D, na sasa ziko E. Mtu wa mji huu hakuangalii usoni kwanza, anaangalia herufi yako. Mwenye E mambo yake safi. Mwenye C tunamwombea. Wala herufi hiyo haisemi gari lilitengenezwa lini, inasema liliandikishwa nchini lini. Kitambulisho changu cha taifa nimekipata miaka mitano iliyopita. Kwa hesabu za Khalfani, mwakani napaswa kuanza darasa la kwanza.

"Nikiliegesha hili pale kwenye kahawa," akasema, "kina Bushiri watanionaje?"

"Watakuona umemtoa mama yako kliniki."

"Mama, namba C."

Huyo Bushiri ndiye mwenyekiti wa kijiwe cha kahawa, bingwa wa injini zote, na hajawahi kumiliki hata toroli. Lakini neno lake kwa mwanangu lina uzito kuliko goti langu.

Kesho yake Khalfani alitupeleka kwa dalali aitwaye Bakili, kwenye uwanja wa magari. Tukaoneshwa gari jeusi, refu kwenda juu, vioo vyeusi, injini ya silinda sita, na nyuma yake herufi E inang'aa.

"Bi mkubwa, ndinga imetulia hii," Bakili akaniambia. "Milioni kumi na mbili tu, mwenyewe anasafiri. Namba E mbichi kabisa."

Rogath alifungua boneti, akakunjua zulia, akapitisha kidole kwenye maungio ya mlango. Kisha akamvuta Khalfani pembeni, lakini si mbali, nikasikia.

"Kaka, hili limegongwa likanyooshwa. Halafu limetengenezwa kabla ya lile la Upanga. Na litakunywa lita moja kila kilomita tano, hapo barabara iwe nyeupe, haina foleni."

Barabara nyeupe kwetu Kariakoo sijaiona tangu nizaliwe.

"Kwani tunaenda wapi?" Khalfani akajibu. "Si Upanga hapo tu."

"Mimi nitapandaje humo?" nikauliza. Sakafu ya gari lile ilinifika pajani.

"Tutaweka kigoda, mama."

Akarudi nyuma ya gari kuitazama herufi yake, anatabasamu kuliko alivyotabasamu siku ya ndoa, na Amira alikuwa amesimama papo hapo anaona. Nilipaswa kukataa. Bangili zilikuwa zangu, na goti lilikuwa langu. Lakini aligeuka akanitazama kwa macho yale ya utotoni, na mimi kwa mtoto huyu ni mjinga wa siku nyingi. Nikanyamaza.

Gari likaja nyumbani, likafukizwa ubani, likasomewa dua, watu wakanipa hongera ya gari langu. Safari ya kwanza kigoda hakikutosha. Khalfani akawaita wapagazi wawili waliokuwa wanapita wakitoka sokoni. Mmoja akanishika kwapani, mwenzake akashika mguu, wakahesabu hadi tatu wakanipakia. Yule wa mguu akauliza kama malipo ni kwa kilo au kwa safari.

Wiki ya pili taa ya mafuta ikawaka siku ya Jumanne. Ijumaa akasema foleni itamaliza tangi. Baada ya hapo gari likawa linafunikwa turubai, eti lipumzike. Hata hivyo, kwa harusi na kwa misiba ya wenye nacho, mafuta hayakukosekana hata mara moja. Kwa wiki nne zilizofuata nilifika kliniki mara mbili, zote kwa teksi za Amira, yuleyule tuliyesema tunampunguzia mzigo. Angelina akapima goti na uso wake ukabadilika.

"Bibi, umerudi nyuma," akasema. "Ijumaa ijayo ni kipimo. Usipokuja, jina lako linatoka kwenye orodha, na kulirudisha ni miezi miwili. Goti halisubiri miezi miwili."

Nilimweleza Khalfani neno kwa neno, mkewe anasikia. Akaapa atanipeleka mwenyewe.

Ijumaa hiyo mpwa wa Bushiri alikuwa anaoa, na Bushiri alishatangaza msafara wa namba E tupu. Asubuhi Khalfani akatoka na kanzu mpya. "Nampeleka bwana harusi kwa kinyozi tu, mama. Saa nne niko hapa." Saa nne ikapita. Saa tano ikafika, nimekaa barazani nimevaa baibui, na simu yake inaita tu. Amira akaita teksi. Dereva wa kwanza aliposikia Kariakoo akakata simu, na wa pili akakata vilevile. Kliniki inafunga saa saba.

Akatokea Fikirini, mtu mzima kutoka Lindi anayembebea Amira mizigo ya duka, anasukuma mkokoteni mtupu.

"Shikamoo bibi. Mbona mmekaa hivyo?"

"Marahaba. Fikirini, unaweza kubeba mtu?"

Akanitazama mimi, akatazama mguu. "Jana nimebeba friji mbili. Bibi atanishinda?"

Wakatandika godoro la mjukuu na mto wa kuegemea, nikapanda, mguu nikaunyoosha wote. Na niseme kweli, tangu nivunjike sijasafiri kwa raha namna ile. Amira akashika mwamvuli juu yangu anatembea pembeni. Vijana wa dukani wakaanza: bibi, unauzwa bei gani? Nikawajibu kwamba hawana uwezo.

Kwenye makutano ya Msimbazi na Uhuru foleni ilikuwa imesimama kabisa, na katikati yake ulikuwa msafara wa Bushiri. Magari yenye riboni, yote E, yananguruma palepale na kuchoma mafuta ya bure. Fikirini akatupitisha ubavuni, gari moja, gari la pili. La tatu lilikuwa jeusi. Kioo kilikuwa kimeshushwa, maana kiyoyozi nacho kinakula mafuta. Pembeni ya Khalfani alikaa mgeni wa harusi, mtu wa kanzu na koti nisiyemjua.

"Hebu ona," mgeni akasema. "Bibi wa watu kwenye mkokoteni. Huyu hana watoto?"

Nilikuwa karibu kiasi cha kumshika bega. Khalfani aligeuka, tukatazamana. Alinijua. Nimemzaa mwenyewe, siwezi kukosea hapo. Kisha akageuza uso mbele, mkono wake ukabonyeza, na kioo cheusi kikapanda taratibu mpaka juu, nikabaki najiona mimi na mto wangu.

Iliniuma kuliko siku ya bafuni. Amira alitaka kugonga kile kioo, nikamzuia.

"Sukuma, baba," nikamwambia Fikirini. "Wanafunga saa saba."

Tulifika zimebaki dakika ishirini. Goti halikukunjika kufikia pale Angelina alipotaka, lakini jina langu halikukatwa. Nililia alipokuwa analisukuma. Akaniomba radhi kwa kuniumiza, nami nikaipokea radhi isiyokuwa yake.

Khalfani alirudi baada ya magharibi, bado ana kanzu yake mpya. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo mama." Akakohoa. "Lakini mama, kwa nini? Mtaa mzima umekuona juu ya mkokoteni."

"Marahaba," nikasema. "Kweli, wote waliniona. Wewe tu ndiye hukuniona."

Akageuzageuza funguo mkononi. Kisha akamuuliza Amira kama wali umebaki. Amira akamwambia umebaki, akajipakulie.