Jina Lililokwisha Kuchongwa

"Sasa Saveta, mkishaachana, kule makaburini atalala nani?"

Rafila jirani aliuliza hivyo akiwa upande wa pili wa ua, aproni imejaa plamu, wala hakuuliza kwa ubaya. Lakini Saveta, aliyekuwa akikoroga sufuria la jamu tangu asubuhi, aliacha mwiko ukasimama wenyewe. Katika kuachana kwao walikwisha kugawana kila kitu: ng'ombe, kuku, pipa la kabichi, hata mapazia. Kaburi hawakulikumbuka.

Kuachana kwenyewe hakukuwa na vita. Gavrilă, mumewe, alifanya kazi ya reli miaka thelathini na mitatu. Leo analala mjini Cluj, kesho analala mjini Dej, nyumbani anakuja kubadilisha soksi, na ndoa ikaenda vizuri, watoto wakakua wakaondoka. Kisha akastaafu. Hapo ndipo kila mmoja alipomjua mwenzake. Gavrilă akisema mvua ilinyesha Jumatatu, Saveta anasema Jumapili, tena baada ya ibada. Gavrilă akianza kisa, Saveta anakimalizia, na anakimalizia sawasawa, jambo lililomuudhi mwanamume yule kuliko kama angekosea.

Siku moja wakila ugali na jibini Gavrilă akasema, "Tuachane."

Saveta akasema, "Afadhali."

Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu astaafu. Wakaenda pamoja ofisi ya meya, wakajaza fomu moja, wakatia sahihi mbili, wakaambiwa warudi wote wawili baada ya siku thelathini kuthibitisha kwamba hawajabadili nia. Gavrilă akahamia jiko la nje na redio yake. Kwenye ile fomu palikuwa na mstari wa jina, na Saveta, bila kuwaza, akaandika kwamba atarudia la baba yake, Ciocan.

Rafila alipouliza swali lake, zilikuwa zimebaki siku mbili.

Saveta aliepua sufuria, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda makaburini. Jiwe lilikuwa pale pale. Walilisimamisha mapema, wangali hai, kama watu wote wenye akili kijijini. Upande wa kushoto marehemu Mama Anuța, mama mkwe. Katikati SAVETA OPREAN, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na nafasi tupu. Kulia GAVRILĂ OPREAN, naye na kistari chake. Picha ya Saveta pale jiweni ilikuwa ya umri wa miaka arobaini na mitano, maana hakutaka kungoja azeeke ndipo apigwe. Akafanya ishara ya msalaba. Daftari la makaburi la padri lilikwenda kwa ukoo: penye jina la Oprean wanalala akina Oprean. Saveta Ciocan pale hakuwa na hata shubiri moja.

Na Mama Anuța, nani alimuuguza? Saveta, miaka tisa, kumwogesha, kumgeuza, kumsomea zaburi. Siku ya mwisho bibi yule alimshika mkono, akasema, "Mwanangu, usiniache kaburini na Gavrilă peke yake. Uje ulale kando yangu." Saveta akaapa mbele ya picha takatifu. Kiapo cha namna hiyo hakifutwi na mstari wa fomu.

Alipotoka makaburini alikwenda moja kwa moja jiko la nje.

"Gavrilă, jina nabaki nalo."

"Jina gani?"

"Lako. Oprean."

Gavrilă akazima redio, heshima ambayo hata padri hajawahi kuipata. "Miaka yote unasema akina Oprean ni walevi."

"Ni walevi. Lakini mimi nimekwisha kuchongwa."

"Mwite fundi akufute."

"Jina atalifuta. Na kiapo je? Nilimwahidi mama."

"Mama yangu mimi!"

"Wa kukuzaa, ni wako. Wa kumwogesha alikuwa wangu."

Gavrilă akatafuta hoja nyingine. "Sikiliza, mwanamke. Naachana nawe nipumzike. Sasa unataka kunilalia ubavuni mpaka parapanda ilie?"

"Nitakupa mgongo. Uso wangu utakuwa kwa mama."

"Basi mimi wakanizike relini!"

"Relini hawaziki mtu. Ni mali ya serikali."

"Unaona? Jamani, unaona?" Gavrilă alipaza sauti, kana kwamba kuna mtu wa tatu humo jikoni.

Siku ya thelathini walikwenda ofisi ya meya, Gavrilă mbele, Saveta nyuma. Msajili, Domnica, mwanamke mwenye miwani na subira, akafungua jalada.

"Bado mnataka kuachana, kwa hiari yenu?"

"Ndiyo," wakajibu kwa pamoja.

"Na jina la mama huyu litakuwa lipi?"

"Oprean," akasema Saveta. "Ciocan," akasema Gavrilă. Hilo nalo kwa pamoja.

Domnica akaweka kalamu chini. "Wazee wangu, jina lazima mkubaliane. Msipokubaliana nakataa ombi, mnarudi nyumbani mume na mke."

Saveta alimwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akasema, "Kataa tu, binti yangu. Nitavumilia."

"Utavumilia wewe!" Gavrilă akaruka kitini. "Na mimi nani atanivumilia?" Akakaa tena, akajifuta jasho kwa kofia. "Haya. Achukue jina. Alale hapo katikati. Lakini andika sharti: kule chini asinisahihishe."

"Baba, sheria haina mstari wa hilo."

"Basi nimjaribu mwenyewe kwanza." Akashika kalamu, akaisimamisha hewani juu ya karatasi, akamgeukia Domnica, akasema polepole, "Mama yangu, binti, alifariki siku ya Jumanne. Mvua inanyesha."

Bibi yule alifariki Alhamisi. Jua lilikuwa kali hata mishumaa ikajipinda mikononi mwa watu. Saveta aliijua hata saa na dakika yake. Mdomo ukafunguka. Gavrilă akamtazama, Domnica naye akamtazama, kalamu haijagusa karatasi.

Saveta akaufunga mdomo, akaibana midomo mpaka ikapoteza rangi.

Gavrilă akatia sahihi. Saveta akatia yake, OPREAN kwa herufi kubwa, akajifunga kitambaa vizuri, akatoka nje midomo ingali imebanwa.