Mapigo ya Droo ya Chini

Kisa hiki ni cha kweli tupu, na msimulizi wake yuko tayari kuapa mbele ya yeyote, saa yoyote mtakayotaja. Hana sababu ya kudanganya. Amestaafu, magoti yanamuuma, na foleni ya malalamiko pale idara ya maji ameshaipanga mpaka anawajua wenzake kwa visogo.

Dirisha la malalamiko lilikuwa moja. Zamani yalikuwa matatu, mawili yakazibwa kwa mbao, meneja akasema ni kwa muda tu, na buibui wakahamia. Nyuma ya lile lililobaki alikaa karani mmoja, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ambaye wenzake walimwita Barafu. Ungeweza kumtukana kuanzia ukoo mpaka viatu, naye angelaza viganja vyote viwili juu ya meza, akavuta pumzi, akasema, "Pole sana. Hebu tuandike." Kisha angejaza fomu ya kijani, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA na kuidondosha kwenye droo ya chini ya kabati la chuma lililokuwa nyuma ya kiti chake. Kazi yake ilikuwa kupokea. Kushughulikia ilikuwa kazi ya mkuu wa ufuatiliaji, na kiti cha mkuu wa ufuatiliaji kilikuwa wazi mwaka wa sita sasa.

Kulaza viganja hakuzaliwa nako. Ilikuwa kanuni, imebandikwa ukutani: mteja asiuone mkono wa karani ukitetemeka. Basi mkono haukutetemeka. Yaliyobaki yalitokea mteja asikoona. Mdomo ulikauka, jasho likashuka katikati ya mgongo, na moyo ukaenda mbio asubuhi nzima. Daktari wa zahanati alishamweleza kwamba huo si ugonjwa. Mwili ukipigiwa kelele, alisema, unadhani umetokewa na mnyama mkali, kwa hiyo unajiandaa kukimbia. Barafu aliuliza akimbilie wapi na foleni imefika barabarani. Daktari akasema hapo yeye hana dawa.

Jumanne moja, saa nne na dakika kumi asubuhi, alifika fundi viatu ambaye bomba lake lilikuwa linatoa upepo kwa wiki ya saba. Alipiga ngumi kaunta, muhuri ukaruka. Moyo wa Barafu ulijiandaa kukimbia kama ulivyojiandaa kila siku kwa miaka kumi na minne, na safari hii ukakimbia kweli. Haukufika mbali. Barafu alihisi kifua kimetulia ghafla, kama chumba ambacho mtu ametoka akafunga mlango taratibu. Nyuma yake, ndani ya droo ya chini, kitu kilianza kudunda.

Fundi viatu aliinamisha kichwa kusikiliza. "Kabati lako lina presha," akasema.

"Pole sana," akajibu Barafu. Akamaliza kujaza fomu, akaivuta droo, akaiweka ndani pamoja na zingine.

Tangu siku hiyo foleni ilijifunza kutazama kabati badala ya uso wa karani. Mtu akifoka, droo ilidunda mpaka funguo zilizoning'inia kwenye tundu zikacheza. Mtu akisema kwa upole, ilipunguza mwendo. Mfagiaji alisema jioni ofisi ikiwa tupu ilidunda polepole, na kwamba fomu za kijani zilikuwa na joto na zimelowa pembeni kama shati la mbeba mizigo. Hakulalamika. Aliomba tu aongezewe matambara.

Zahanati walimfunga Barafu mkanda wa presha mara tatu. Muuguzi aliandika "hakuna", akamwambia wagonjwa wengine wanaitafuta hali hiyo kwa vidonge na hawaipati. Meneja alimpa cheti cha mtumishi mtulivu kuliko wote, na wenzake wakapiga makofi kwa mpangilio.

Shida ilikuwa nyumbani. Mama yake Barafu alikuwa ameshasahau sura zote, ikiwemo yake mwenyewe, na kioo cha chumbani alikisalimia kwa adabu kama mgeni. Kitu kimoja tu hakikumpotea. Kila jioni binti yake akirudi kazini, mama alilaza sikio upande wa kushoto wa kifua cha binti, akasikiliza kidogo, akasema, "Ah, umerudi," kisha akafungua mdomo alishwe. Kwa mkono wa mtu mwingine hakuwa akila. Jirani aliyeshinda naye alishajaribu mpaka akanyoosha mikono.

Jumanne ile mama alisikiliza kushoto. Akasikiliza kulia. Akajivuta nyuma, akatengeneza kanga yake.

"Humu hamna mtu," akasema. Akamkaribisha Barafu kiti, akamweleza kwamba mwanawe anatoka kazini saa kumi na moja, watakula wote akifika.

Siku ya nne mifupa ya mabega ya mama ilianza kuonekana kupitia nguo. Alikunywa maji tu, kwa sababu maji, alisema, hata kwa wageni mtu hunywa.

Barafu alimwendea meneja akaomba aruhusiwe kubeba droo nyumbani, jioni tu, asubuhi airudishe. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimtengea kiti, akamwuliza hali ya mama, akamweleza kwamba kilichomo kwenye droo ile ni malalamiko ambayo hayajashughulikiwa, na hakitoki jengoni mpaka mkuu wa ufuatiliaji atie saini. Barafu akakumbusha kwamba mkuu wa ufuatiliaji hayupo. Meneja akasema hilo nalo analijua, na linamsikitisha, na kama ana lalamiko kuna utaratibu.

Basi saa ya chakula Barafu alizunguka akasimama nje ya dirisha lake mwenyewe. Akaeleza shida yake. Akazunguka akaingia ndani, akalaza viganja mezani, akasema, "Pole sana, dada. Hebu tuandike." Akaandika: moyo, mmoja, unahitajika nyumbani. Akagonga muhuri. Droo ilipofunguliwa kuipokea fomu hiyo ilidunda kwa nguvu, ikafungwa.

Mwisho meneja alitoa kibali kingine. Mama aletwe ofisini saa ya chakula, dakika thelathini, asiguse mafaili. Jirani alimleta akimshika mkono siku ya kwanza. Mama alipita kati ya meza kama anasikia mtu akimwita, akapiga magoti taratibu, akalaza sikio kwenye chuma. Kisha akainua uso, akamtazama binti yake, akasema, "Ah, umerudi," na akamaliza bakuli zima la supu.

Hivyo ndivyo msimulizi alivyokuwa ameandika. Akaenda kumsomea Barafu pale dirishani, akitegemea asante. Barafu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, hapo mwisho umedanganya," akasema. "Mama hakunitazama mimi."

Msimulizi alijitetea kwamba kisa lazima kimalizike vizuri, watu wamechoka. Barafu akamwambia mwongo hulipa, na kwa kuwa hana cha kumtoza, atamtoza muda. Kila siku saa ya chakula akae yeye dirishani, apokee foleni, ili dakika thelathini zisikatwe na ngumi za watu. Meneja hakuwa na pingamizi, maadamu halipwi.

Kwa hiyo sasa msimulizi hulaza viganja mezani na kusema pole kama alivyofundishwa, na fomu za kijani zinazidi kujaa nyuma yake. Juzi kulikuwa na mwanamke mwenye mapacha na ndoo mbili tupu, akafoka haswa, na msimulizi akasikia droo ikienda mbio. Akasikia pia chuma kikipapaswa kwa kiganja, na sauti ya kizee ikibembeleza, "Taratibu, mwanangu, taratibu, mama yupo." Kisha sauti hiyohiyo ikageukia pembeni, kwa heshima kama mtu asemavyo katika nyumba ya watu:

"Na wewe binti, Mungu akubariki. Mwanangu ana bahati kupata msaidizi kama wewe. Wazazi wako wapo?"

"Wapo," akasema Barafu. "Fungua mdomo, mama. Bado vijiko vitatu."