Magitaa ya Mzee Nyuzi na Mbavu za Mkewe

Alhamisi moja, saa kumi na moja na dakika ishirini za jioni, karani wa posta aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu alivua viatu, akanawa mikono kwa sabuni na kushusha gitaa namba nne ukutani. Hakuwa mtu wa kugusa gitaa kwa vidole vyenye wino wa mihuri. Magitaa yalikuwa kumi na moja, yamening'inia sebuleni kwa mstari mmoja, kila moja na kadi yake: namba, aina ya mbao, mwaka lilipoingia nyumbani. Chini yake zilikaa amplifaya mbili, moja kubwa kama kabati la viatu, nyingine ndogo na yenye kukoroma. Nyaya zilikunjwa miduara sawasawa na kufungwa kwa kamba za viatu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Nyuzi, na jina hilo alilivaa kama koti jipya.

Aliketi, akakaza nyuzi, akapiga. Gitaa halikutoa sauti. Nyuzi zilitikisika na kidole kikauma kama kawaida, lakini sebule ilibaki kimya. Akabadilisha waya. Akabadilisha amplifaya. Akapiga nyimbo zake hivyohivyo, kwa kuwa alikuwa ameshakaa.

Mitaa miwili kutoka pale, kwenye karakana ya samani, mkewe alikuwa akipaka mlango wa kabati mkono wa tatu wa vanishi. Kazini walimwita Bi Msasa, maana hakuna aliyelainisha mbao kama yeye. Sauti ya namba nne ilimtoka ubavuni, chini ya kwapa la kushoto, safi kabisa. Wenzake wakasimamisha randa.

"Bi Msasa," alisema msimamizi wa karakana, "mzee wako keshafika nyumbani."

"Umejuaje ni yeye?"

"Pale katikati. Si huwa anakosea palepale?"

Bi Msasa alisikiliza. Ni kweli, alikosea palepale.

"Mwambie apige taratibu," msimamizi aliongeza. "Vanishi mbichi haitaki kutikiswa."

Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe ameinamia amplifaya kubwa na bisibisi mdomoni.

"Namba nne imekufa," alisema mzee.

"Haijafa. Imelia kwangu, kazini."

"Nyimbo ngapi?"

"Tatu. Wa pili uliurudia."

"Niliurudia kwa sababu sikuusikia."

Walikula, kisha wakayajaribu yote moja baada ya jingine, mzee akipiga na mkewe akikunja nguo zilizokauka. Namba moja ilitoka kwenye bega. Namba tatu, ile yenye nyuzi kumi na mbili, ilitoka kwenye meno, na kila alipotaka kusema kitu ilimbidi asubiri. Gitaa la besi lilitoka magotini, likaangusha soksi zilizokuwa zimepakatwa. Kumi zilitoka kwa mkewe. Ya kumi na moja, iliyonunuliwa mpya dukani ndani ya boksi lake, ilijilia yenyewe pale mikononi mwa mzee kama gitaa la mtu yeyote.

"Hii bado haijazoea nyumba," mzee aliamua.

Mkewe aliendelea kukunja nguo. Alijua hesabu yake. Katika yale kumi hakuna hata moja lililoingia mlangoni likiwa zima. Mumewe alikuwa na jicho la kuona gitaa ndani ya kuni, na kwa hilo mkewe hakuwahi kumnyima sifa. Alileta lililokaliwa na mtu mnene kwenye harusi, lililosahaulika kwenye banda linalovuja, lililotupwa na bendi siku wanabendi walipotupiana vyombo. Aliyaleta yamefungwa magazeti, akayalaza juu ya meza ya jikoni na kusema, "Mama watoto, hebu litazame." Na mama watoto akalitazama. Mgongo uliopasuka aliubandika vipande vya mbao kwa ndani. Daraja la kushikia nyuzi alilichonga kwa mfupa wa ng'ombe, akauchemsha, akaukwangua kwa tupa mpaka ukang'aa kama jino la mtoto. Na kila alipomaliza, kabla ya kufunga nyuzi, aliweka mdomo kwenye tundu la gitaa na kupuliza vumbi la msasa kwa pumzi yake mwenyewe, mara nne, mara tano, kwa sababu brashi huacha nywele.

"Ulipuliza mno," msimamizi alimwambia kesho yake karakanani, aliposimuliwa, na habari ya chanzo ikaishia hapo.

Aliyoipenda zaidi Bi Msasa ni namba saba. Ilikuja shingo imekatika, kichwa kinaning'inia kwa nyuzi mbili. Alitoboa matundu mawili, akachomeka vijiti vya mti mgumu, akamwagia gundi moto kutoka kwenye kikombe kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, akaikaza kwa utepe wa mpira wa baiskeli siku tatu mfululizo, na watoto, enzi hizo bado wadogo, wakapigwa marufuku kukimbia ndani ya nyumba. Sasa ukipitisha kidole gumba kwenye ile shingo huupati mshono. Akiwa anafuta vumbi, na hakuna mtu sebuleni, Bi Msasa hupitisha kidole chake pale. Kila mara anaukosa, na kila mara kifua kinampanuka.

Mzee naye alikuwa na fahari yake. Wageni wakija huwasimamisha mbele ya namba saba na kusema, "Hili nimelifufua mwenyewe." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelisema jambo hilo miaka mingi, hadi mikono yake ikaanza kulikumbuka.

Nyumba ilizoea. Mzee akitaka mazoezi, aliuliza kwanza mkewe yuko wapi. Wifi yake Bi Msasa, dada wa mzee, mwenye mdomo usiojua kupumzika, alikuja Jumapili na kuketi kwenye kochi.

"Wifi, siku hizi hata kukohoa unakohoa kwa ridhimu."

"Mwambie kaka yako asipige nikiwa sokoni. Juzi muuza vitunguu kaniongezea viwili kwa sababu ya solo."

"Sasa hapo unalalamika au unajisifu?"

"Vyote."

Kisha ikaja barua kutoka jumba la utamaduni la mji. Afisa wa maonyesho alikuwa amesikia habari za mkusanyo, akaomba uonyeshwe Jumamosi moja asubuhi, mwenyewe akipiga na kueleza. Ukipendeza, utapewa chumba cha kudumu, kadi zote zitawekewa kioo na zitabaki ukutani hata wenyewe wakishaondoka duniani. Mzee aliisoma barua akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa.

Bi Msasa aliisikia sehemu ya kadi. Jioni ile, mumewe akibadilisha nyuzi, alivuta kiti.

"Baba watoto, nina ombi moja tu. Kwenye kadi ya namba saba niandikwe."

"Uandikwe nini?"

"Kwamba shingo niliiunga mimi."

Mzee alizungusha kikazio taratibu. Uzi ukalia ubavuni mwa mkewe, ukapanda, ukapanda, ukafika pake.

"Kadi zenyewe ndogo, mke wangu."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo. Nafasi haitoshi."

Kesho yake Bi Msasa alirudi kutoka karakana na kadi kumi na moja kubwa, alizozikata kwenye karatasi ngumu ya kupakia vioo na kuzipiga msasa kingo zake. Mzee alizigeuza mkononi, akazisifia ukataji, na hakuwa anabembeleza, alizipenda kwelikweli. Kisha akakaa mezani akaziandika zote upya. Kwenye namba saba, kwa kuwa nafasi sasa ilikuwepo, aliandika kwa herufi kubwa zaidi: IMEKARABATIWA NA MWENYE MKUSANYO.

Bi Msasa aliisoma asubuhi akifuta vumbi. Alisimama pale muda mrefu kidogo kuliko vumbi lilivyohitaji.

Jumamosi saa nne ukumbi ulijaa. Magitaa yalipangwa kwenye vishikio alivyovitengeneza mama kwa mabaki ya mbao za kabati. Alikaa mstari wa tatu, amevaa gauni lake la kijani, wifi kulia, msimamizi wa karakana kushoto. Afisa wa maonyesho, kijana mwenye suti inayombana mabegani, alieleza historia ya mkusanyo na kuitaja mikono ya Mzee Nyuzi mara sita. Wifi alihesabu kwa vidole vyake vya miguu ndani ya viatu, akaja kusema baadaye.

Mzee alipanda jukwaani, akachukua namba saba, akaipiga.

Ilisikika mstari wa tatu. Ilitoka ubavuni mwa Bi Msasa nene na tamu, bila kukwaruza, na vioo vya madirisha vikaipokea. Watu wa mistari miwili ya mbele waligeuza viti vyao. Miguu ya viti ilipiga kelele kidogo, kisha ukumbi ukatulia, watu wote wakimtazama mama mmoja mwenye gauni la kijani, huku mzee akipiga kwa bidii nyuma ya visogo vyao.

"Inua mkono kidogo," msimamizi alimnong'oneza. "Unaiziba."

Akainua mkono, na solo ikafunguka. Alikaa wima kuliko alivyowahi kukaa maishani. Aliisikia shingo ikishikilia mvuto wa nyuzi zote sita bila kujipinda, aliisikia gundi yake, alivisikia vile vijiti viwili vimesimama imara, na aliona haya kidogo kwa jinsi alivyofurahi. Walipofika katikati, mzee alikosea palepale. Watu walidhani ni mapambo.

Walimpigia makofi yeye. Kisha afisa akaelekeza jukwaani kwa mkono, wakageuza viti, wakampigia na mzee.

Kikaja kipindi cha maswali. Fundi mmoja wa vinanda, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikwenda mpaka kwenye namba saba na kuipapasa.

"Kwa jinsi inavyolia, hii shingo ilishawahi kukatika. Sauti ya shingo nzima haina ule uzito. Lakini mshono siuoni. Nani aliiunga?"

Ukumbi ulimtazama Mzee Nyuzi. Mzee Nyuzi alimtazama mkewe. Kidole chake kiliteleza juu ya uzi mmoja bila kukusudia, na kutoka mstari wa tatu kikasikika kitu kidogo chembamba, kama mtu anayetaka kuanza kusema.

"Ni mikono hii," alisema mzee, akaionyesha. Ilikuwa misafi, ameinawa kwa sabuni.

Bi Msasa alisimama. "Niliiunga mimi."

Alisema bila kupaza sauti na bila ugomvi, kama mtu anayetaja anapoishi. Kila mtu alimsikia. Fundi wa vinanda alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mzee alitazama vishikio vya magitaa.

"Tunakusikia vizuri sana, mama," afisa alisema kwa heshima zote. "Sauti yako inafika mpaka mlangoni. Ila watu wa nyuma wanakosa zile nyuzi nyembamba. Tunaomba usogee ukae karibu na jukwaa."

Watu wawili walinyanyua kiti chake. Akasogea, kwa sababu ni kweli watu wa nyuma walikuwa wanakosa nyuzi nyembamba, na zilikuwa nzuri mno kukoswa. Mzee akapiga nyimbo tano zaidi. Namba tatu ilipolia kwenye meno, Bi Msasa aliyaweka wazi ili isizibwe.

Walipewa chumba. Jumatatu asubuhi kadi ziliwekewa kioo kama zilivyoandikwa, na afisa akaja na fomu ya kupokelea vifaa, akaiweka juu ya amplifaya kubwa kuijaza. Magitaa kumi na moja. Amplifaya mbili. Nyaya tisa. Mstari wa mwisho aliandika: mke wa mwenye mkusanyo, mmoja, Jumanne na Jumamosi, kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Pembeni palikuwa na safu ya hali ya kifaa. Akamwomba mama apitie, kwani karakana ilishampa ruhusa ya siku hizo mbili na ni yeye aliyejua vitu vilipo.

Bi Msasa alishuka na kidole, mstari kwa mstari. Penye namba saba palikuwa pameandikwa "wastani". Aliomba kalamu, akakata neno hilo kwa mstari ulionyooka kama wa rula, akaandika "nzuri sana".

Afisa alichungulia. "Na huu wa mwisho? Nao nimeuandika wastani."

"Huo uache," alisema Bi Msasa. "Huo si kazi yangu."

Upande wa pili wa chumba mumewe alikuwa ameshika namba saba, anaijaribu kama imezoea ukuta mpya. Ikatoka ubavuni mwa mkewe, imara, haina mtetemo wa uongo hata kidogo. Mama alinyoosha mgongo na kuinua mkono bila kuambiwa. Afisa alisubiri kwa adabu mpaka wimbo ulipomtoka wote, kisha akaichukua fomu na kuipeleka kwa mzee, atie sahihi.