Fundi Asiyetia Puti

Fundi Nyoosha alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani: hakuweza kuliacha bati likiwa na bonde. Gari likija limekunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu, yeye atalipasha moto, atagonga kwa nje, atagonga kwa ndani, hata bati lirudi kama siku lilipotoka kiwandani. Watu walisema kuna jogoo aliyejiona kwenye mlango uliotoka mikononi mwa Nyoosha, akapigana na mwenzake siku mbili, siku ya tatu wakapatana. Walisema inzi akitua kwenye boneti yake huteleza. Ya inzi tuyaache, lakini ya jogoo wapo walioapa.

Mafundi wengine hunyoosha nusu, na nusu iliyobaki huijaza puti, ule udongo laini unaokauka kama jiwe, kisha msasa, kisha rangi, mteja akapewa funguo. Nyoosha hakuwa na kopo la puti gerejini. Aliiita poda ya mzee anayetafuta mchumba. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alijifunza kazi kwake kisha akafungua gereji yake ng'ambo ya barabara, akajaza puti mpaka watu wakasahau jina alilopewa na wazazi. Wakamwita Puti, naye akaitika.

"Shemeji!" Nyoosha alikuwa akimpigia kelele kuvuka barabara. "Gari hilo lisinyeshewe, litayeyuka!"

"Na wewe, shemeji, harakisha! Mteja wako ameshaota mvi!"

Hivyo ndivyo walivyosalimiana miaka na miaka.

Jumanne moja, jua halijapata nguvu, likaja pikapu la buluu. Lilikuwa la Bwana Mbegu, mfanyabiashara aliyesambaza mbegu vijijini, na mlangoni lilichorwa hindi kubwa la njano. Dereva alisimama kwanza mbele ya gereji ya Puti, akakuta kufuli. Puti hufungua jua likishachoka kumsubiri. Basi akageuza gari, akavuka.

Kona ya mbele kushoto ilikuwa imeingia ndani, taa imepasuka, na kwenye bati lililojikunja kulikuwa na damu.

"Umegonga nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi mkubwa huyo," alisema Nyoosha akipima bonde kwa kiganja.

"Beberu," alisema dereva. "Sasa sikiliza, mzee wangu. Bosi hataki kuona alama. Hata akilala chini ya gari na tochi, asione kitu. Utaweza, au nimsubiri huyu jirani?"

Mlevi hutegwa kwa chupa. Nyoosha alitegwa kwa maneno hayo.

Alichukua tambara, akalichovya kwenye petroli, akaifuta damu huku anapiga mluzi. Kisha akaingia kazini. Aligonga asubuhi yote. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, na simu ndani ya koti ililia mara tisa, lakini mtu anayegonga bati hasikii simu. Hata radi humwomba radhi. Alipomaliza nje akalala chini ya gari, akapiga tupa alama zote za nyundo kwa ndani, akapaka mafuta machafu, akapulizia vumbi, ili pafanane na palipozoea njia. Rangi mpya ilipokauka aliipausha kwa msasa wa maji. Kuhusu taa, hakutaka mpya. Alichakura kwenye chuma chakavu hadi akapata taa kuukuu iliyofifia sawasawa na ile ya kulia, kwa sababu, alivyosema, gari lisiwe na jicho moja la kijana na jingine la babu yake.

Dereva akaifunga taa iliyovunjika kwenye gazeti, akaondoka nayo. Risiti hakuomba, na Nyoosha hakuwahi kuandika. "Kazi yangu ndiyo risiti," alizoea kusema.

Ndipo akaichukua simu. Mara zote tisa alikuwa Puti.

Mkewe Nyoosha alikuwa mshonaji. Alfajiri ya siku hiyo alibeba furushi la sare za shule kichwani, akaenda kwa miguu kuzipeleka kijiji cha pili, mbele ya tanuri za matofali. Wachoma matofali walimkuta mtaroni penye kona, sare zimetawanyika juu yake kana kwamba watoto wenyewe walikuwa wamelala pale. Walimpandisha kwenye lori la matofali, wakamfikisha hospitali ya wilaya.

Nyoosha alipofika wodini, Puti alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, kichwa mikononi. Mkewe alikuwa macho. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa kuanzia pajani, na kitambaa kilikuwa kimeanza kuloa penye goti.

"Uliliona gari?" aliuliza Nyoosha.

"La buluu." Alizungumza polepole, kama mtu anayetunga uzi. "Lilisimama. Dereva akashuka. Akanitazama mimi, halafu akaenda mbele akalitazama gari. Gari ndilo alilolitazama kwa muda mrefu."

"Lilikuwa na..."

"Hindi mlangoni. Nililiona kutoka chini. Hindi kubwa la njano."

Nyoosha aliinua mikono yake akaitazama. Bado ilinuka petroli.

"Shemeji, una nini?" alisema Puti.

"Nimelinyoosha."

"Umenyoosha nini?"

"Nililifuta, nikalinyoosha." Akakaa sakafuni, katikati ya vitanda, mzee mzima.

Daktari hakuficha. Goti lilikuwa limesagika. Hospitali kubwa wangeweza kulipasua na kulijenga kwa vyuma, lakini ndani ya wiki sita tu. Baada ya hapo mifupa ingeshikana yenyewe vyovyote itakavyo. "Mfupa si bati, fundi," alisema. "Ukishapoa, haurudi." Na gharama ya kazi hiyo haikuwa ya mke wa fundi. Ilikuwa ya kampuni ya bima.

Wakaenda kwa wakili, mtu mnene mwenye ofisi juu ya duka la saruji, ambaye hata makaratasi yake yalikuwa na vumbi la kijivu. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Gari la biashara, lina bima, na mgonjwa ameliona. Madai haya yana miguu ya kusimamia," alisema, kisha akakumbuka mguu, akakohoa. "Lakini dereva amewaambia polisi siku hiyo hakugonga hata jiwe. Na bima, wazee wangu, hailipi maneno. Inataka jeraha la gari. Nyie nipeni jeraha hilo, nami nitawapa goti."

Puti alimtazama Nyoosha. Nyoosha alitazama vumbi la saruji.

Ukaguzi ulifanyika wiki ya tatu, kwenye uwanja wa kituo cha polisi. Pikapu lilikuwapo, limeoshwa, na wakili alikuja na faili lake. Dereva aliliegemea akitafuna njiti. Mkaguzi wa bima alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu, aliyesalimia kila mtu hadi mbwa wa kituo. Mfukoni alitoa sumaku ndogo kama kiberiti, imefungwa kwenye uzi.

"Kifaa changu ni hiki tu," alieleza. "Sumaku hushika chuma, haishiki puti. Mahali palipobondeka pakajazwa, hudondoka. Sina haja ya kumbishia mtu."

Kwa mara ya kwanza tangu ashike nyundo, Nyoosha alimwomba Mungu puti ipatikane. Alipekua kumbukumbu yake inchi kwa inchi: labda pale pembeni ya taa, labda tone la ukubwa wa ukucha, labda alipochoka. Hakukumbuka. Hakuchoka siku ile. Alikuwa anapiga mluzi.

Mkaguzi akaanza upande wa kulia. Ta. Ta. Ta. Akapita boneti. Ta. Akafika kushoto, juu ya tairi, pale pale ambapo kiganja cha Nyoosha kilikuwa kimepima bonde. Sumaku ikaruka kutoka vidoleni mwake ikang'ang'ania kama kupe.

Akajaribu chini yake. Ta. Akalala chini na tochi. Alikaa huko muda, akatoka anajipangusa.

"Bati la kiwandani," alisema. "Taa zote mbili za zamani. Gari limetunzwa."

"Mimi ndiye niliyelinyoosha!" Nyoosha alisogea mbele. "Lilikuwa limebonyea hapa, lote hili, hata mkono ungeingia!"

"Nioneshe, mzee."

"Hapa."

"Hapa pana nini?"

Nyoosha alipitisha kiganja juu ya bati. "Hapana kitu," alisema. "Ndiyo kazi yenyewe."

Askari alicheka, si kwa ubaya. "Yaani mzee umetuletea ushahidi wa kitu kisichokuwapo?"

"Afande, huyu hatii puti," alisema Puti. "Hajatia maisha yake yote. Muulize yeyote."

"Wewe ni nani kwake?"

"Mimi ni mdogo wa majeruhi."

"Basi kaa pembeni."

Nyoosha akainama. Akagonga bati la kulia kwa kifundo cha kidole, halafu la kushoto. Akarudia. La kulia lilijibu kwa sauti nzito. La kushoto, lililopashwa moto na kugongwa mpaka likakonda, lilijibu kwa sauti nyembamba kidogo, kama ndugu wawili ambao mmoja ameugua. "Sikieni," alisema. "Hilo hapo. Hilo hapo!"

Puti alisikia, machozi yalimtoka. Mkaguzi, tusimwonee, alivua kofia akaweka sikio kwenye bati, akagonga mwenyewe mara tatu kila upande. Aliinuka akitikisa kichwa.

"Nasikia gari, mzee wangu. Na hata ningesikia zaidi, karatasi yangu haina pa kuandika sauti."

"Basi likwanguliwe rangi! Chini yake rangi ni yangu, si ya kiwandani, mtaiona!"

"Likwanguliwe kwa idhini ya nani?" dereva alisema, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Gari la watu hili."

Nyoosha alikuwa ameshatoa tupa mfukoni. Wakili alimdaka koti, askari akamshika mkono. Ombi la kukwangua lilipaswa kwenda mahakamani, wakili alimnong'oneza, na mahakama haina wiki sita. Mkaguzi aliandika maneno mawili, "Hakuna alama," akaaga kila mtu tena, hadi mbwa.

Dereva alipopita karibu na Nyoosha alipunguza mwendo. "Nilikwambia bosi hataki alama," alisema. "Mzee, una mkono."

Nje ya geti walitembea, Nyoosha na shemeji yake.

"Ningekuwa nimefungua mapema siku ile," alisema Puti.

"Sema yote."

"Puti yangu ingedondoka hata kabla sumaku haijatoka mfukoni."

Kicheko kiliwatoka. Wakacheka wamesimama katikati ya njia, wakashikana mabega, na ilichukua muda kila mmoja kugundua kwamba mwenzake hacheki tena.

Jioni hiyo Nyoosha alikaa ukingoni mwa kitanda cha mkewe, akamweleza vyote, sumaku na sauti na mbwa.

"Kwa hiyo hawakuona kitu," alisema mkewe.

"Hawakuona."

"Hata kwa ndani?"

"Hata kwa ndani."

Mwanamke yule hakuwa mtu wa kusifu. Katika ndoa yao yote hakuwahi kusimama gerejini akasema neno juu ya kazi ya mumewe, zaidi ya kumwambia avue viatu kabla ya kuingia. Sasa alitazama dari.

"Basi ulifanya kazi nzuri," alisema, akageukia ukutani.

Idhini ya mahakama ilitoka miezi mitano baadaye. Kufikia hapo pikapu lilikuwa limeuzwa mbali, hakuna aliyejua wapi, na wakili alirudisha faili likiwa na vumbi lake. Wiki sita zilikuwa zimepita zamani. Mifupa ilishikana ilivyotaka: mguu ukanyooka kama rula, na goti halikukunjika tena. Nyoosha aling'oa kanyagio la cherehani, akachomelea mpini wa kuzungushwa kwa mkono. Aliupiga tupa ukawa laini. Mkewe alishona kwa mkono mmoja huku mwingine unazungusha, mguu umetandazwa mbele yake juu ya kiti, na sare iliyokuwa ikimchukua asubuhi ikawa inamchukua siku mbili.

Gerejini nako mambo yalibadilika. Nyoosha alichonga patasi ndogo, na kila kazi aliyomaliza aligonga nayo alama moja ndogo kwa ndani, yenye makali, asiipige tupa. Wateja waliolala chini ya magari yao na tochi walilalamika. Aliwajibu kwamba hiyo ndiyo risiti.

Siku moja likaja gari jeupe, bampa limening'inia, dereva ana haraka.

"Umegonga nini?"

"Mbuzi tu, mzee wangu."

Nyoosha akaweka nyundo chini. "Mbuzi wa nani?"

"Sijui, wa njiani."

"Twende ukanioneshe. Nyundo hainyanyuki mpaka nimwone."

"Mzee umechanganyikiwa." Akawasha gari kwa hasira, akavuka barabara hadi kwa Puti, ambaye siku hizi alifungua kabla ya jua.

Nyoosha alisimama mlangoni akitazama. Alimwona Puti akizunguka lile gari, akichuchumaa mbele ya bampa, akikaa hapo kitambo. Kisha sauti ya shemeji yake ikavuka barabara, nzito, haina utani hata kidogo:

"Mbuzi wa nani?"